Alama ya H3K9 na ukingo wa kiini: je, jeni hunyamaza kwa sababu ya mahali ilipo?

mdadisi_wa_seli

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandaa wasilisho la semina kuhusu protini zinazojishikiza kwenye kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifunga) ya mnyoo C. elegans, na kuna jambo moja linalonitatiza kila ninapolisoma. Ninaelewa kwamba DNA hujizungusha kwenye protini ziitwazo histoni, na kwamba lisini (asidi amino) ya 9 ya histoni H3 ikipachikwa methili, kikundi kidogo cha kemikali, na hivyo kupata alama ya H3K9, jeni za eneo hilo kwa kawaida hazinakiliwi kuwa RNA. Ninaelewa pia kwamba maeneo yenye alama hiyo, ambayo katika kromosomu zisizo za jinsi yamerundikana kwenye pande mbili za mwisho kuliko katikati, hukaa yameegemea utando wa kiini cha seli. Swali langu ni hili: jeni hunyamaza kwa sababu imevutwa ukingoni, au huvutwa ukingoni kwa sababu imekwisha kunyamazishwa? Vitabu vya kiada nilivyo navyo huyaeleza mambo haya mawili kana kwamba ni tukio moja.

mtafiti_wa_viinitete

Ndugu mdadisi, majaribio yamekwisha kuonyesha kwamba mambo hayo yanaweza kutenganishwa. Tuanze na vimeng'enya vinavyoweka alama. Katika kiinitete cha C. elegans viko viwili: MET-2, ambacho hupachika methili ya kwanza na ya pili, na SET-25, ambacho hukamilisha ya tatu. Mwaka 2012 maabara ya Susan Gasser, mjini Basel, Uswisi, ilionyesha kwamba jeni za vimeng'enya vyote viwili zikiharibiwa, alama ya H3K9 hutoweka kwenye kiinitete na heterokromatini, yaani kromatini iliyokazwa na kunyamazishwa, huachana na utando wa kiini. Matokeo hayo peke yake hayakujibu, kwa kuwa anayeondoa alama huondoa vyote kwa mkupuo mmoja, unyamazishaji na mahali.

Fundo lilifunguka mwaka 2015. Watafiti wa maabara hiyo hiyo walizipitia protini zenye kromodomeni, yaani kile kipande kinachotambua histoni yenye methili, wakizizima moja baada ya nyingine kwa RNA yenye nyuzi mbili, wakitafuta ile ambayo kukosekana kwake kungeifanya heterokromatini ijitenge na ukingo. Waliipata CEC-4. Protini hii hukaa kwenye utando wa kiini hata pale alama ya H3K9 inapokosekana, na alama ikiwapo huikamata kwa kromodomeni yake. Ilipoondolewa, DNA ilisogea kuelekea ndani ya kiini, lakini methili zilibaki mahali pake, na jeni zilizokuwa kimya hazikuamka. Kinyume chake, HPL-2 na LIN-61, ambazo nazo husoma alama hiyo hiyo, zinahitajika katika kunyamazisha ila hazihitajiki katika kuitia kromatini nanga ukingoni. Katika wasilisho lako, kwa hiyo, ningechora mishale miwili inayotoka kwenye alama moja, wala si mnyororo wa matukio yanayofuatana.

nyuzi_mbili

Ninakubaliana na maelezo hayo, ila naona mjadala umeelemea mno kwenye jeni. Sehemu kubwa ya mzigo wa H3K9 katika mnyoo huyu si jeni zinazotengeneza protini, bali ni transposoni (vipande vya DNA vinavyoweza kuhama) na mifuatano mingine ya DNA inayojirudia. Utafiti wa Cambridge wa mwaka 2017 ulikuta protini MET-2, HPL-2, LIN-61, LIN-13 na LET-418 zikiwa pamoja kwenye mifuatano hiyo, na zikiondolewa, baadhi yake huanza kunakiliwa. Hapo ndipo madhara yanapoonekana. Kwa minyoo isiyo na MET-2 wala SET-25, RNA inayonakiliwa kutoka kwenye mifuatano hiyo hujishika tena na DNA iliyotoka, uzi wa pili wa DNA ukabaki wazi, na jenomu ikapoteza uthabiti. Minyoo hao huishi na kuzaa kwa kiasi kwenye joto la kawaida la maabara, lakini wakipandishwa hadi nyuzi 26 za Selsiasi huwa tasa. Ikumbukwe pia kwamba C. elegans hategemei kupachika methili kwenye sitosini (mojawapo ya herufi nne za DNA) kama wanyama wenye uti wa mgongo wanavyofanya, kwa hiyo histoni na protini zinazozisoma zimebeba kazi ambayo kwetu imegawanywa.

mdadisi_wa_seli

Nawashukuru nyote wawili. Sasa limezuka swali la pili ambalo naamini nitaulizwa ukumbini: ikiwa CEC-4 huondolewa na jeni zikabaki kimya, mnyoo anaihifadhi ya nini?

mtafiti_wa_viinitete

Inategemea unamtazama mnyoo katika hali gani. Katika kiinitete kinachokua kwa utulivu, kukosekana kwa CEC-4 hakuonekani kirahisi. Watafiti wale wale, hata hivyo, walikilazimisha kiinitete kutengeneza HLH-1 katika seli zote, protini ambayo huelekeza seli kuwa msuli. Viinitete vya kawaida viliacha njia yao na kugeuka mafungu ya seli za msuli, ilhali baadhi ya vile visivyo na CEC-4 havikushikamana kikamilifu na uamuzi huo. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi bora tulio nao: nanga haiwashi wala haizimi jeni, bali huzuia seli kurudi nyuma baada ya kuamua itakuwa nini.

mwalimu_wa_jenetiki

Kuna mfano mwingine unaoelekea huko huko, nao ni kromosomu ya X. Huntha wa C. elegans ana X mbili na dume ana moja, kwa hiyo huntha hupunguza unakili wa kila X kwa takriban nusu, akitumia mkusanyiko wa protini zikiwemo SDC-2 na kondensini (kundi la protini zinazokaza kromosomu) yenye DPY-27. Mwaka 2016 kikundi cha Chuo Kikuu cha Michigan kilionyesha kwamba CEC-4 ikikosekana, X za huntha hufumuka na kuhama kutoka ukingoni, lakini unakili wake huongezeka kidogo tu. Nanga hapo inaongezea nguvu kazi inayofanywa na wengine.

Ndugu mdadisi, usiishie kwenye viinitete. Katika seli za utumbo zilizokwisha kukomaa, kuondoa CEC-4 peke yake hakuing'oi heterokromatini kwenye ukingo, jambo linaloonyesha kwamba kuna njia nyingine. Maabara ya Basel iliipata mwaka 2019, na ilitoka upande ambao wengi hawakuutazamia: MRG-1, protini inayojishikiza kwenye kromatini hai yenye methili kwenye lisini ya 36 ya histoni H3. MRG-1 huiweka CBP-1, kimeng'enya kinachopachika asetili (kikundi kingine cha kemikali) kwenye histoni, kwenye jeni zinazofanya kazi. MRG-1 ikiondolewa, CBP-1 hutawanyika hadi kwenye heterokromatini, nayo heterokromatini hiyo huachana na utando. Ukibaki na nafasi ya slaidi moja tu, ningeitumia kwa matokeo haya, kwa sababu yanaonyesha kwamba mahali pa kromatini iliyo kimya huamuliwa pia na protini ambazo hazijishikizi kwenye alama yake.