DVD ya video ya karibu saa mbili: nieksipoti MPEG-2 moja kwa moja, niiachie DVDStyler au nipitie FFmpeg?

kamera_moja
Wakuu habari zenu. Nina video ya mahafali ya saa 1 na dakika 50, nyingi nimechukua kwa kamera HD fremu 25, vipande vingine vya simu. Wazazi wanataka DVD ya kuweka kwenye deki, siyo faili. Sasa nikieksipoti MPEG-2 (fomati ya video ya DVD) kutoka kwenye programu ya kuhariri inakwenda vizuri mpaka asilimia 65 alafu inakata, inatoa namba ya kosa tu bila maelezo, na ni hapo hapo kila nikirudia. Bitreti (kiasi cha data kwa sekunde) nimeweka megabiti 8 isiyobadilika, pasi moja (programu inaipitia video mara moja tu), faili inaingia kwenye diski ya nje maana laptopu imejaa. Nimesoma huku na kule naona njia ni tatu: kueksipoti MPEG-2 moja kwa moja, kutoa MP4 na kuiachia DVDStyler (programu ya kutengeneza DVD na menyu) ibadilishe yenyewe, au kutoa faili masta, yaani nakala kuu ya ubora wa juu, alafu kuibadilisha kwa FFmpeg (programu ya kuandikia amri). Ipi ina nafuu? Na hili kosa ni la nini?

fundi_deki
Mkuu kabla ya kuhama njia tumalize hilo kosa kwanza, maana ukihama nalo litakufuata.

Kukwama sehemu ile ile mara nyingi ni klipu mbovu, efekti, au picha yenye pikseli nyingi mno iliyokaa eneo hilo. Nenda kwenye taimulaini karibu dakika ya 71, ndo asilimia 65 ya dakika zako 110, uangalie kuna nini, zima efekti za hapo, eksipoti dakika tano tu za eneo hilo. Zikitoka salama basi klipu hazina kosa. Ingekuwa inakwama leo 40 kesho 80 ningekwambia angalia RAM, joto la mashine au kadi ya grafiksi.

Ila we kwako kuna kitu kingine nakishuku zaidi. Bitreti 8 ni sawa na baiti milioni moja kila sekunde. Dakika 71 na nusu ni kama sekunde 4,290, kwa hiyo faili yako inakata ikiwa na baiti kama bilioni 4.29, na FAT32 (aina ya zamani ya kufomati diski) haikubali faili moja ivuke GB 4, ambazo ukizihesabu kwa baiti ni 4,294,967,295. Angalia hiyo diski ya nje imefomatiwa vipi. Kama ni FAT32 jibu tunalo. Hamisha vitu vyako kwanza alafu ifomati exFAT au NTFS, kufomati kunafuta kila kitu kwa hiyo usiharakishe.

kamera_moja
Nimeangalia sasa hivi, ni FAT32 kweli. Na zile dakika tano nimezieksipoti zimetoka bila shida. Ahsante sana fundi. Nahamisha mafaili kwanza.

mzee_wa_taimulaini
Fundi kamaliza. Ila kijana wangu hata ingetoka yote isingeingia kwenye DVD, bitreti 8 kwa dakika 110 ni GB 6.6 bila sauti, na DVD ya leya moja ni 4.7. Watu wengi wanapanga bitreti kwa kubahatisha wakati hesabu yake ni ya dakika moja. Chukua megabiti 37,600, ndo ujazo wa diski nzima, gawa kwa sekunde za video yako. Wewe una sekunde 6,600, unapata 5.7. Toa sauti, toa kidogo kwa ajili ya menyu na nafasi ya usalama, baki na 5.2 kama wastani. Na ukiona Windows inaandika diski ni 4.37 usidhani umeuziwa mbovu, ni baiti zile zile inahesabu kwa 1,024.

Mimi natetea njia ya kwanza, MPEG-2 moja kwa moja. Video inabanwa mara moja tu. Weka pasi mbili, bitreti inayobadilika, wastani 5.2, juu kabisa 8. Ukomo wa video kwenye DVD ni 9.8 lakini deki nyingi za zamani zinakata picha ukikaribia huko, hasa kwenye diski ya kuchoma nyumbani, kwa hiyo usiende. Ukubwa 720 kwa 576, fremu 25, upana 16:9. Sauti weka AC-3 (sauti iliyobanwa ya DVD) ya kilohezi 48, kilobiti 224 zinatosha kabisa, kwa sababu ukiacha ile PCM isiyobanwa inakula kilobiti 1,536, kwa video yako ni GB 1.2 na ushee zimekwenda kwenye hotuba na makofi.

dada_fremu
Mzee shikamoo, hesabu naikubali yote ila njia sikubaliani nayo. Mteja akija akasema jina la mtoto wake limeandikwa vibaya unarudi kueksipoti pasi mbili upya kutoka taimulaini yenye efekti zote, masaa. Na programu nyingi za kuhariri zikipunguza HD kwenda 576 kazi yake siyo safi, mistari myembamba inachezacheza, maandishi ya majina yanaonekana kama yanatetemeka.

Mimi ni njia ya tatu. Toa masta moja nzuri, ihifadhi, DVD unaitengeneza kutoka hapo, na kesho wakitaka ya kutuma kwa simu unaitoa hapo hapo. Masta ya ProRes au DNxHD (fomati za kuhariria zisizobanwa sana) ni nzito lakini, DNxHD ya megabiti 120 kwa dakika 110 ni karibu GB 100, kama diski ya kuhifadhia imejaa toa H.264 (inayobanwa zaidi) ya megabiti 50 tu, ni kama GB 41 na kwa matumizi ya DVD jicho halitaona tofauti. Alafu:

ffmpeg -i masta.mov -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 5200k -maxrate 8000k -b:a 224k mahafali.mpg

Hiyo pal-dvd (PAL ni mfumo wa tivi wa fremu 25) inapanga yenyewe ukubwa, fremu 25, AC-3 na mpangilio wa fremu, hapo ndo raha yake. Lakini usiiache peke yake, kwa kawaida yake inaweka video 6000k na sauti 448k, kwa dakika zako inatoka GB 5.3, haiingii kwenye DVD. Ndo maana nimeongeza namba zangu mwishoni. Ukitaka pasi mbili unaiendesha mara mbili, ya kwanza unaongeza -pass 1, ya pili -pass 2.

Na zile klipu za simu uliziingiza hivi hivi? Simu nyingi zinarekodi fremu zisizo thabiti, mara 29 mara 31, mwanzoni midomo inakwenda na sauti, kufika katikati ya hotuba sauti imeshaachana na mdomo. Zipitishe kwanza HandBrake (programu ya bure ya kubadilisha video), chagua fremu thabiti, ndo uziweke kwenye taimulaini.

mzee_wa_taimulaini
Marahaba binti. Hilo la majina nakupa, nimeliona kwa wateja. Kwa kazi inayorudiwarudiwa masta ni bora. Kwa kazi ya kutoka mara moja bado sioni sababu ya kujaza diski.

nahodha_wa_menyu
Mbona njia ya pili mnaipita tu jamani, ina watu wake. Mtu ambaye hajawahi kuandika amri hata moja mnamtupia FFmpeg? DVDStyler ni bure, ipo ya Windows, Mac na Linux, unaburuta MP4 yako, unachagua PAL na 16:9, unaweka menyu, chini kuna mstari unakuonyesha diski imejaa kiasi gani na bitreti inajipanga yenyewe. Ubaya wake video inabanwa mara mbili, kwa hiyo hiyo MP4 itoke na bitreti kubwa, siyo ile ya kupandisha mtandaoni.

Na njia zote tatu mwisho zinapita hapa hapa, kwa sababu mpg peke yake siyo DVD. Deki inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO na VOB, ukichoma mpg au MP4 kama data deki nyingi hazitacheza. Anayekuja na mpg ya dada_fremu aingie kwenye sifa za taito, kwenye fomati ya video na ya sauti achague kunakili, la sivyo inaweza kubanwa upya na kazi yote ya pasi mbili imepotea.

Majina usiyaweke pembeni kabisa mwa skrini, tivi za zamani zinakata kingo, acha kama asilimia 10 kila upande.

kamera_moja
Nimechagua njia ya dada_fremu kwa sababu ya majina, yako mengi na lazima kuna yatakayorekebishwa. Diski imeshafomatiwa exFAT, masta imetoka mpaka mwisho, mpg imetoka GB 4.5, DVDStyler nimeweka kunakili. Klipu za simu pia nimezirudisha kupitia HandBrake, midomo inafuatana na sauti. Lakini diski ya majaribio inacheza kwenye laptopu na deki moja, deki nyingine ya zamani inazunguka weee alafu inasema hakuna diski. Ni DVD-RW.

fundi_deki
Hiyo RW ndo tatizo la kwanza kuliangalia. RW inaakisi mwanga kidogo kuliko diski ya kuchoma mara moja, lenzi iliyochoka haiioni kabisa. Itumie kujaribia kwenye mashine yako tu, na hata hapo bora ufungue folda ya VIDEO_TS kwa VLC (programu ya kuchezea video) kabla ya kuchoma chochote, upite kwenye menyu, uruke sura, usikilize dakika za mwisho.

Za kuwapa wazazi choma DVD-R, deki za zamani zinazielewa zaidi. Kama unazo DVD+R tu, kwenye ImgBurn (programu ya kuchomea diski) kuna sehemu ya kubadilisha aina ya diski ijitambulishe kama DVD-ROM, ikiwa draivu yako inaruhusu. Kasi weka 4x au 8x, hakikisha diski inafungwa mwishoni (finalize), na uache ihakiki baada ya kuchoma hata kama inaongeza muda. Kwa faili ya GB 4.5 kingo za diski zitatumika karibu zote na huko nje ndiko makosa mengi ya kuchoma hutokea, kwa hiyo ukijaribu kwenye ile deki usiangalie mwanzo peke yake, ruka mpaka sura ya mwisho uiache icheze.