Kunduchi, Dar es Salaam: mikoko inafukiwa kwa kifusi usiku, tukilalamika tunaambiwa ni vichaka

Wakuu, nimevumilia miezi mitatu, leo nimechoka. Nyuma ya mtaa wetu kuna mtu anafukia mikoko. Malori yanaanza saa tano usiku, yanamwaga kifusi, katapila linasawazisha, kukicha matope yameshakuwa kiwanja. Nimekwenda ofisi mbili. Ya kwanza wakataka barua, nikapeleka, kimya. Ya pili afisa akanijibu bila hata kuinua macho: "Mzee wangu, si vichaka vya mbu tu vile?"

Vichaka! Jana maji yalipokupwa nilishuka mwenyewe. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, unapumua kwa vile vijimizizi vinavyochomoza matopeni, na vyote vimelala chini ya kifusi. Mti haujaguswa na panga, lakini majani yameshageuka njano. Unakufa kwa kukosa pumzi, na mwenye kiwanja anajitetea kuwa hajakata mti hata mmoja. Nilimkuta kaa anazunguka juu ya vipande vya matofali, anatafuta shimo lake.

Jirani yangu mama mmoja amesomesha watoto watatu kwa kaa na kamba wa hapo. Kamba wachanga hukulia kwenye mizizi ya mikoko ndipo waende baharini. Mnadhani kwa nini Delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko kokote pwani ya Afrika Mashariki, ndiyo inayosifika kwa kamba?

Na tunajua bahari inavyokula ardhi. Hapa hapa Kunduchi ilishameza hoteli, watu wazima wanakumbuka. Mizizi ndiyo inayoshika matope na kuvunja nguvu ya mawimbi. Tukishaimaliza tutajenga ukuta kwa hela ya nani?

Wenzetu wa Gazi, kule Kwale, Kenya, wanatunza hekta 117 tu. Kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa ile ambayo mikoko yao inaihifadhi, na hela yake imeleta maji kijijini na vitabu shuleni.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Watu wa mabondeni walichorewa X nyekundu wakavunjiwa kwa mita hizo hizo. Huyu mwenye katapila zake hazimhusu?

Picha ninazo, namba za malori ninazo. Anayejua ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusimamisha lori usiku ule ule, aniandikie hapa sasa hivi. Leo yanakuja tena.