Ukoo wa Bi Zuhura, Alhamisi saa tatu usiku

Mamdogo Asha (21:02): *Umesambazwa mara nyingi* HARAKA!! Ujumbe huu usiupuuze. Watumie watu 20 kabla ya saa sita usiku. Kuna mama aliufuta, asubuhi kaamka hana sauti.

Idi: Shikamoo mamdogo. Naona Landru kashakuchukua

Mamdogo Asha: Marahaba. Landru ndo nani, sheikh mpya?

Idi: Muulize mjomba Hamadi. Ndo kaniambukiza Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya Marekani ya watu wanaozunguka sayari kwa meli ya angani, ya 1966 mpaka 1969. Wiki nzima silali

Mjomba Hamadi: Nipo. Hapa Toronto saa nane mchana, niko kwenye basi. Asha, Landru ni hivi. Sayari nzima watu wanatabasamu, wapole, hakuna vita. Saa ikigonga kumi na mbili jioni wote wanapandwa wazimu, wanavunja madirisha, wanapigana mpaka alfajiri. Asubuhi wanarudi kutabasamu kama hakikutokea kitu. Na mwenye kuamrisha yote hayo alikufa miaka 6,000 nyuma. Aliyebaki ni kompyuta yake.

Rukia: Admini alishaondoka kikundi kinaendelea 😂

Idi: Kirk, kapteni wa meli, kabishana na ile mashine mpaka ikatoa moshi

Mamdogo Asha: Chekeni tu. Mimi nishatuma kwa 12, bado 8.

Bi Zuhura (sauti, 0:14): Asha mwanangu, huo ujumbe leo nimeupata mara tatu, na mara mbili umetoka kwako. Sauti yangu hii hapa, mnaisikia wote.

Idi: 😂😂😂 Bibi!

Rukia: Mimi niliyoipenda ni ya maua. Kuna sayari ina maua yanawarushia watu vumbi. Ukilivuta tu, roho inatulia, huna haja ya kazi wala cheo. Spock, yule wa masikio marefu asiyechekaga, anaonekana ananing'inia kwenye mti anacheka na mwanamke.

Mamdogo Asha: Limbwata hilo.

Rukia: Limbwata kabisa mamdogo! Na wenzake wote melini wanashuka mmoja mmoja, anabaki Kirk peke yake

Mamdogo Asha: Spock walimzinguaje?

Idi: Hasira. Ukikasirika ile kitu inakatika. Kwa hiyo Kirk akamtukania Spock wazazi. Akamwambia baba yako kompyuta, mama yako kamusi elezo. Spock akampiga mpaka akavunja samani, akapona

Mamdogo Asha: Yaani dawa ya limbwata kutukaniwa mama. Mtaani kwetu tungekuwa tumepona zamani sana.

Mjomba Hamadi: Lakini Idi hajamalizia. Mwishoni wanamuuliza Spock kule ilikuwaje. Anasema ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuwa na furaha.

Bi Zuhura (sauti, 0:09): Maskini mtoto wa watu. Sasa walimtolea nini?

Mjomba Hamadi: Ndo hapo mama. Miaka yote hiyo sijapata jibu.

Rukia: Mjomba na ile busu je? Mwalimu wetu wa chuo aliitaja kama jambo kubwa sana. Uhura, yule afisa wa mawasiliano wa meli, na Kirk, mwanamke mweusi na mzungu, televisheni ya Marekani, 1968

Mjomba Hamadi: 22 Novemba 1968. Ni kubwa kweli, ila itazame tena kwa makini. Wamo mikononi mwa watu wanaojiita wafuasi wa Plato, wana nguvu ya kusogeza vitu na miili ya watu kwa fikra. Wanawachezesha kama vikaragosi mbele ya hadhira. Yaani Kirk na Uhura hawakubusiana, walibusianishwa.

Rukia: Mh. Sikuwahi kuiona hivyo

Mjomba Hamadi: Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, mwenyewe alisimulia kwamba wakubwa walitaka irekodiwe na nyingine isiyo na busu, waje kuchagua. William Shatner, aliyeigiza Kirk, akaiharibu makusudi, akakodoa macho kwa kuyapishanisha mbele ya kamera. Ikabidi itoke ya busu.

Idi: Kwa hiyo kwenye hadithi wameshikwa akili, ila kwenye studio mtu kagoma kushikwa. Hiyo tamu

Bi Zuhura (sauti, 0:19): Huyo Uhura ni wajina wangu huyo. Wamedondosha zedi tu. Na mimi Zuhura ndiyo nyota yenyewe ya angani, wao wanasafiri huko huko. Muwaambie walipe.

Mjomba Hamadi: 😂 Mama, limetoka kwenye "uhuru". Nichols alikwenda kwenye usaili na kitabu chenye jina hilo, ndipo likazaliwa Uhura.

Bi Zuhura (sauti, 0:06): Uhuru, halafu mnasema wanamchezesha kama mwanasesere. Haya.

Mjomba Hamadi: Na Kiswahili anakisema. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, 8 Septemba 1966, kuna kiumbe kinakula chumvi ya mwili wa mtu. Kinakuja kwa kila mtu na sura anayoitamani. Kwa Uhura kikaja kijana mweusi mtanashati, kinamsemesha Kiswahili. Akaganda pale pale. Bahati aliitwa kazini.

Mamdogo Asha: Chumvi tu? Angekuja Bagamoyo kwenye mashamba ya chumvi, ashibe, aache watu.

Rukia: Kiswahili chenyewe nimekisikia. Kama mtu ana ubuyu mdomoni 😭

Mamdogo Asha: Msicheke. Mnakumbuka mwaka jana nilituma elfu themanini?

Idi: Kwa "binamu wa Pangani" 🙈

Mamdogo Asha: Kaniita "dadangu Mwana", jina la utotoni. Kaniuliza hali ya goti la mama. Lafudhi ya kwetu kabisa, mpaka kile kicheko. Sikufikiri hata mara moja. Nilikuwa nimeganda kama huyo Uhura, na mimi hakuna aliyeniita kazini.

Rukia: Pole mamdogo 🙏

Mjomba Hamadi: Pole Asha. Mimi sikucheki. Huku mtu akinisemesha Kiswahili kwenye basi naweza kumfuata mpaka mwisho wa njia bila kumuuliza jina.

Idi: Mjomba jamani

Mjomba Hamadi: Kuna moja ya 1967 ndiyo ninayoirudia. Chombo kinaitwa Nomad kinamfuta Uhura akili yote, tupu. Wanamkalisha wanamfundisha kusoma upya, kwa Kiingereza, sentensi za mtoto wa darasa la kwanza. Kinamshinda neno moja, anakasirika. Na akikasirika kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Rukia: Acha!

Mjomba Hamadi: Wallahi. Hadithi yenyewe haina hata habari na hilo, sekunde chache tu wanasonga mbele, na kipindi kinachofuata yuko kazini kana kwamba hakuumwa. Mimi huwa nasimamisha hapo.

Idi: Kwa hiyo mashine ilifuta kila kitu ikaacha lugha ya mama yake

Mamdogo Asha: 😢

Mamdogo Asha: Nimefuta ule ujumbe. Saa sita ikifika nikakosa sauti mtajua wa kumlaumu.

Bi Zuhura (sauti, 0:31): Hamadi. Hilo basi bado hujashuka? Umesema saa nane mchana, umekula nini wewe? Usinijibu kwa maandishi, miwani yangu iko kwa Rukia. Nakupigia sasa hivi, na nitakusemesha Kiswahili, unifuate mpaka mwisho wa njia.

Mjomba Hamadi: 📞 Simu ya sauti, dakika 52