Mjadala: Je, wafanyakazi wa ghala wapewe haki ya kuahirisha mfumo mpya wa ugavi?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, kampuni inapoamua kuunganisha ununuzi, ghala, usafirishaji na mauzo katika mfumo mmoja wa kompyuta, ni nani anayestahili kutamka kwamba siku ya kuanza kuutumia imefika? Kwa kawaida tarehe hupangwa na uongozi wa juu pamoja na washauri na muuzaji wa programu, na wale wanaopokea na kutoa mzigo kila siku huambulia mafunzo ya haraka na agizo la kutekeleza. Msimamo wangu ni kwamba watu hao wapewe haki rasmi, iliyoandikwa, ya kuahirisha tarehe hiyo pale wanapoona kwamba takwimu za mfumo hazilingani na mzigo uliomo ghalani.

Tuangalie yaliyoikuta Hershey, watengenezaji wa peremende na chokoleti wa Marekani, mwaka 1999. Mradi uliokuwa umekadiriwa kuchukua miaka minne ulibanwa ukamalizwa kwa muda mfupi zaidi, na mfumo ukaanza kazi mwezi Julai, wakati oda za msimu wa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo peremende huuzwa kwa wingi, zikianza kumiminika. Oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 zilishindwa kutimizwa, ilhali bidhaa zilikuwepo. Kisa kilicho wazi zaidi ni cha Target, kampuni ya maduka ya Marekani, iliyoingia Kanada mwaka 2013, ikafikisha maduka 133, na Januari 2015 ikatangaza kuyafunga yote. Vipimo vya bidhaa viliingizwa kimakosa na watumishi wapya waliokuwa wakikimbizana na muda, hivyo mfumo ukawa unapanga mizigo kwa kufuata hesabu za uongo. Halafu likaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala huu. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa baadaye, baadhi ya wachambuzi waliokuwa wakipimwa kwa idadi ya bidhaa zilizoadimika waligundua kwamba wakizima uagizaji wa kiotomatiki, bidhaa husika haihesabiwi tena kuwa imeadimika. Ripoti zikapendeza, na rafu zikabaki tupu. Hakuna programu inayoweza kuponya mahali ambapo mtu anaona ni salama zaidi kuficha tatizo kuliko kulitaja, na ndiyo maana nasema haki ya kutaja tatizo itangulie mashine.

Toyota ilifanya hivyo zamani kwa kumruhusu mfanyakazi wa kawaida kuvuta kamba na hata kusimamisha mstari wa uzalishaji anapoona kasoro. Kampuni nyingi zimeiga kadi zake za kuagiza vipuri na desturi yake ya kutorundika akiba, lakini mamlaka yale ya kusimamisha kazi zimeyaacha.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakubaliana na visa ulivyovitaja, lakini sikubaliani na dawa unayoipendekeza. Ukimpa mtu haki ya kuahirisha jambo linaloweza kumwondolea kazi au kumpunguzia umuhimu, unajua mapema atakavyoitumia. Makasha ya mizigo, yaani makontena, yalipoanza kusafirishwa na meli ya mfanyabiashara wa usafirishaji Malcom McLean mwaka 1956, kutoka Newark hadi Houston, Marekani, makuli waliokuwa wakibeba magunia na masanduku mgongoni hawakuulizwa kama wako tayari. Laiti wangeulizwa, huenda hadi leo meli zingekaa bandarini siku nyingi zikisubiri kupakuliwa. Utamaduni wa kazi hubadilika baada ya chombo kipya kufika, na kiongozi anayengoja mioyo iridhie kwanza atangoja hadi washindani wake wamkute palepale. Mgomo wa bandari za mashariki na ghuba ya Marekani, Oktoba 2024, ulidumu siku tatu tu, lakini suala la mashine za kiotomatiki lilikuwa miongoni mwa madai yake. Hao ndio unaotaka kuwakabidhi tarehe?

Mchangiaji wa pili:

Nyote wawili mnazungumza kana kwamba mnyororo wa ugavi ni mali ya kampuni moja. Mwaka 2018 kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM walizindua TradeLens, jukwaa la kubadilishana nyaraka za shehena, na mwishoni mwa mwaka 2022 wakatangaza kulifunga kwa kuwa ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Teknolojia ilifanya kazi. Kilichokosekana ni utayari wa kampuni kuweka taarifa zake kwenye jukwaa lililoasisiwa na mshindani wake. Haki ya ghala moja haigusi tatizo hilo.

Mleta mada:

Mchangiaji wa pili ana hoja nzito, nami nakiri kwamba pendekezo langu halivuki lango la kampuni, ingawa sioni jinsi kampuni isiyoamini takwimu za ghala lake itakavyomshawishi mwenzake aziamini.

Kwa mchangiaji wa kwanza, simulizi ya makasha haikuishia mwaka 1956. Mwaka 1960, katika bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli kilichoongozwa na Harry Bridges kilitia saini mkataba na waajiri: waajiri wakapata uhuru wa kuleta mashine, na wafanyakazi wakapata mfuko wa kulinda kipato chao na kuwawezesha wazee kustaafu mapema. Watu walewale unaosema wangezuia kila kitu walifungua mlango kwa hiari walipohakikishiwa kwamba faida haitakwenda upande mmoja. Hofu unayoitaja ipo kweli, na inapaswa kujadiliwa mezani kwa jina lake, kabla haijageuka kuwa hitilafu za ajabu ndani ya mfumo.

Hata hivyo, nakubali kuiwekea haki hii mipaka. Anayeahirisha aeleze sababu kwa maandishi. Sababu hiyo ipimwe kwa kuhesabu mali: ichukuliwe sampuli ya bidhaa, zihesabiwe kwa mkono, zilinganishwe na kilichomo kwenye kompyuta mbele ya pande zote mbili. Zikilingana, mfumo uanze. Zisipolingana, tarehe isogezwe hadi takwimu zisahihishwe, hata kama mkataba na muuzaji wa programu unasema vinginevyo. Kwa utaratibu huo, mtu anayelinda nafasi yake hana pa kujificha, na kadhalika mkurugenzi aliyekwisha kuitangazia bodi tarehe. Naomba mchangiaji wa kwanza aeleze ni kipi kati ya hayo anachokipinga.