Kuweka Windows XP kwenye kompyuta isiyosoma CD wala kuwaka kwa flashi

Mkata Stika (Dodoma)

Ndugu wadau, shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa wengine. Nina kijiofisi cha kukata stika za bajaji na vibao vya milangoni hapa Majengo. Mashine yangu ya kukatia huunganishwa na kompyuta kwa tundu la siriali (tundu la zamani la kuunganishia vifaa), na programu yake ilitengenezwa kwa ajili ya Windows XP. Nilijaribu kuihamishia kwenye kompyuta mpya ikakataa kufunguka, na hata ingefunguka, kompyuta hiyo haina tundu lenyewe. Ndiyo maana nimeendelea kuitunza kompyuta ya mezani ya zamani, ambayo diski yake imekufa wiki iliyopita.

Nimepata diski nyingine ya IDE (aina ya zamani ya kuunganisha diski na bodi mama) ya GB 80, na CD halali ya XP yenye Service Pack 2 ninayo. Shida ni kwamba kisoma CD hakisomi tena (vumbi la Dodoma mnalijua), kisoma disketi hakipo, na BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) haina mahali pa kuichagua flashi wakati wa kuwasha. Visoma CD nilivyoonyeshwa madukani vyote ni vya SATA, aina mpya isiyoingia kwenye waya wa IDE. Mpwa wangu ana kompyuta nyingine ya IDE inayotumia XP na ambayo CD yake inasoma vizuri. Je, naweza kuifunga diski yangu humo, nikaweka XP yote hadi mwisho, kisha nikairudisha kwangu?

Fundi wa Singida

Mkuu, usimalizie kazi kwenye kompyuta ya mpwa wako. XP inapowekwa hushika draiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) za bodi mama iliyoikuta, hasa za kile kinachoendesha diski. Ukiihamishia kwenye bodi ya aina nyingine, kuna uwezekano mkubwa wa kupokewa na skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, maana yake mfumo umeanza kuwaka halafu ukashindwa kuifikia diski yake wenyewe.

Sisi zamani tulikuwa tukipitia DOS, mfumo wa kale wa kuandika amri. Unaiandaa diski kwa FAT32 (mpangilio wa mafaili ambao DOS hiyo inausoma), unaitia mafaili ya kuwashia ya DOS kutoka kompyuta ya Windows 98, unanakili folda ya i386, yenye mafaili ya usakinishaji, kutoka kwenye CD, kisha diski ikirudi kwenye kompyuta yake unaendesha winnt.exe, programu inayoanzisha usakinishaji. Usisahau kutanguliza smartdrv, programu ya DOS inayoharakisha kazi ya diski, la sivyo kunakili mafaili kutakula saa nyingi, nawe utadhani kompyuta imeganda.

Mzee wa Waya (Mpwapwa)

Njia ya Fundi ni sahihi, lakini leo hiyo Windows 98 ataipata wapi? Kwa kuwa mpwa ana XP inayofanya kazi, ipo njia fupi zaidi ambayo Microsoft wenyewe waliiweka ndani ya winnt32.exe (ndugu ya winnt.exe inayoendeshwa ndani ya Windows), nayo ni swichi, yaani neno la ziada la amri, ya /syspart. Kazi yake ni kunakili mafaili ya usakinishaji kwenye diski ya pili, kuifanya diski hiyo iweze kuwaka, na kusimama hapo hapo kabla mfumo haujaanza kutambua vifaa vya kompyuta yoyote. Vifaa vitatambuliwa baadaye kwenye kompyuta yako, kwa hiyo hatari aliyoieleza Fundi haipo.

Weka jampa (kile kifuniko kidogo cha pini nyuma ya diski) ya diski yako kwenye nafasi ya slevu, yaani diski ya pili, uifunge kwenye waya wa IDE wa kompyuta ya mpwa, kisha uigawe na kuifomati NTFS (mpangilio wa mafaili unaotumiwa na XP) ukiwa ndani ya XP. Tuseme diski yako imepewa herufi E, na CD ni D. Fungua dirisha la amri uandike:

D:\i386\winnt32 /syspart:E: /tempdrive:E: /makelocalsource /noreboot

Swichi mbili za mwanzo lazima zitaje herufi moja. Ya tatu hunakili chanzo chote ili CD isiulizwe tena mbele ya safari, nawe kisoma CD huna. Ya nne huzuia kompyuta ya mpwa isijiwashe upya. Hakiki herufi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu ukikosea utakuwa umevuruga diski ya mtoto wa watu.

Kisha zima, rudisha jampa kwenye masta, yaani diski ya kwanza, funga diski kwako na uwashe. Utakapoulizwa pa kuweka mfumo, chagua sehemu ile ile na uache mfumo wake wa mafaili ulivyo. Usifomati, kwa kuwa mafaili ya usakinishaji yamo humo. Chomoa flashi na kisoma kadi, maana XP huweza kuvipa herufi C, nayo ikajikuta imekaa kwenye herufi nyingine.

Fundi wa Singida

Hiyo /syspart nilikuwa nimeisahau kabisa. Niongeze tu kwamba ufunguo (namba ya leseni ya Windows) uliobandikwa kwenye kasha la kompyuta kwa kawaida haukubaliwi na CD iliyouzwa peke yake dukani, kwa hiyo tumia ule uliokuja na CD yako. Pia usiiunganishe na intaneti: Microsoft walisitisha huduma kwa XP tarehe 8 Aprili 2014. Michoro uihamishe kwa flashi iliyokaguliwa kwanza kwenye kompyuta mpya.

Mkata Stika (Dodoma)

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Mara ya kwanza nilisahau kisoma kadi kilichofungwa ndani ya kasha, mfumo ukajiweka kwenye herufi I, na programu ya kukatia, ambayo inajua C tu, ikagoma. Nikakichomoa nikarudia yote. Skrini iliahidi dakika 39 ikachukua zaidi ya saa nzima, lakini leo mashine inakata. Stika ya kwanza nimeibandika juu ya kasha la kompyuta yenyewe, imeandikwa: HAIUNGANISHWI INTANETI.