Tupeane uzoefu: Tisa Disemba kule makumbusho ya Wachaga, Marangu

Dogo wa Majengo: Wakuu kuna mtu kaposti nyumba ya msonge nikakumbuka Tisa Disemba moja, sikukuu ya Uhuru, mshua alitupakia kwenye hiasi hadi Marangu, sisi tulitaka kuangalia gwaride kwenye tivii. Tulitwangishwa kahawa mpaka viganja vikawaka, mzee anaongoza wimbo wa Kichaga unaitikia usichokijua, alafu ukimaliza unapewa kikombe kama cha mdoli. Waliowahi kwenda sikukuu leteni zenu.

Mama Pacha: Hicho kikombe hahaha, na sukari usiulize.

Kibosho Juu: Yangu ni ya handaki. Si mnajua yale mababu walichimba kujificha Wamasai wakija kuteka ng'ombe, tundu jembamba makusudi adui aingie mmoja mmoja kainama na mlinzi anamsubiri ndani na rungu. Sisi tumeshapita na tochi za simu, nyuma anakuja anko wangu wa Dar, kilo mia na ushee, kashiba mtori wa ndizi kashushia mbege, ile pombe ya ndizi, kufika kwenye kona akanasa. Mbele haendi nyuma harudi. Mvua imepiga asubuhi, udongo unateleza, shati limepanda mpaka kifuani, watoto huku ndani wanalia, shangazi kule nje anavuta mguu kiatu kikachomoka akaanguka nacho. Kijana anayetutembeza anamwambia mzee toa pumzi, anko anatoa Baba Yetu Uliye Mbinguni. Tulimsukuma tukamsukuma mpaka akatoka mwekundu kuanzia nywele, neno la kwanza, "Mbege imebaki?"

Konda Mstaafu: Anatoa Baba Yetu!! Mbavu zangu jamani

Mtoto wa Kaloleni: Sasa hiyo ndo Uhuru au ulevi? Njooni Arusha makumbusho ya Azimio la Arusha, lile la ujamaa, TANU chama cha Nyerere walikaa pale Kaloleni Januari 1967, historia ya nchi iko kule.

Kibosho Juu: Azimio lina siku yake, Februari 5. Tisa Disemba ni ya huku, mwenge wa Uhuru 1961 Luteni Nyirenda aliupandisha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hakuupandisha Mlima Meru wenu.

Mtoto wa Kaloleni: Alipandisha mwanajeshi, wewe na anko wako mlikuwa kwenye mbege.

Rombo Kwetu: Acheni ubishi nyie. Pelekeni watoto Old Moshi walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga, 1900, Wajerumani wale, alafu ndo mpande Marangu.

Mama Pacha: Vaeni raba, kuna tope.

Konda Mstaafu: Raba zinateleza, peku ndo mpango. Na ongea Kiswahili tangu getini upate bei ya mzawa, ukijifanya wa Ulaya imekula kwako.

Rombo Kwetu: Mbege kunywa baada ya handaki, sio kabla.

Konda Mstaafu: Kabla bwana, unapata ujasiri.

Mama Pacha: Anko huyo yuko humu? Tunamtaka mwenyewe.

Kibosho Juu: Yumo, anasoma kimyakimya. Disemba hii anasema anakuja, ila atabaki kwenye msonge na ng'ombe.