Sponji za ndani ya tairi za gari la rimoti: vitundu wazi, vilivyoziba au tabaka mbili?

Tope_Jepesi
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijafungua gundi. Nina bagi (gari dogo la mbio za udongoni) la umeme la kipimo cha 1/10 cha gari halisi, linakimbia kwenye udongo mkavu wenye vijiwe na tuta za kurukia, na kroula (gari la kupanda miamba polepole) la rimu za inchi 1.9. Tairi mpya za bagi zimekuja na sponji laini mno, ukiibana kwa vidole inabaki unene wa karatasi. Naona njia tatu: nibaki na hiyo ya vitundu wazi, nitie ya vitundu vilivyoziba, au ile ya tabaka mbili. Kuna jamaa ananiambia nichane godoro kuukuu tu, eti sponji ni sponji. Na kwani haya matairi hayajazwi upepo tukamaliza?

Bisibisi
Upepo sahau mkuu. Tairi hilo halina vali, na limetengenezwa livuje kwa makusudi. Angalia rimu zako, utakuta matundu madogo. Kama hayapo, basi yako kwenye tairi lenyewe. Kinachobeba gari ni sponji na ubavu wa tairi, basi.

Kona_Kali
Tuanze na bagi, maana huko ndiko sponji inakojionyesha.

Ya vitundu wazi ni nyepesi, inabonyea upesi, na kwenye njia yenye vumbi na mashimo inashika vizuri kwa sababu tairi linajikunja kufuata ardhi. Ubaya wake ni wawili. Kwanza inakunywa maji. Pita kwenye dimbwi mara moja, tairi linakuwa zito, mzani unapotea na gari zima linatetemeka ukikanyaga mafuta (najua ni la umeme, mmenielewa). Pili inachoka. Baada ya muda inavunjikavunjika, na upande mmoja unakuwa laini kuliko mwingine.

Ya vitundu vilivyoziba hainywi maji na inatunza umbo lake muda mrefu zaidi. Ni ngumu kidogo, hivyo ubavu wa tairi haujikunji hovyo ukikata kona kwa kasi. Gari linajibu usukani papo hapo. Lakini kwenye njia mbovu isiyoshika, ugumu huohuo unakurusharusha. Na kwenye njia inayoshika sana, sponji laini ndiyo hatari: tairi la nje linajikunja chini ya rimu na gari linabiruka.

Kwa maelezo yako, mimi ningetia ya vitundu vilivyoziba magurudumu yote manne, halafu nichonge kingo zake. Chukua mkasi mkali, punguza pembe za nje kwa mshazari, pande zote mbili. Ubavu unapata nafasi ya kucheza bila kulegeza katikati. Watu wengi wanahangaika na aina ya sponji wakati shida yao iko kwenye hizo pembe.

Godoro? Hiyo ni sponji ya vitundu wazi ambayo ilishachoka kabla hujaikata. Achana nayo.

Vumbi_Mashariki
Naomba nipingane kidogo na mkuu Kona_Kali. Mtoa mada hajasema anashindana. Kama ni kuchezea tu na gari haliendi majini, sponji iliyokuja na tairi inatosha kabisa. Aimalize kwanza, akibadilisha tairi ndipo apandishe daraja.

Kona_Kali
Hoja nzuri, ila kumbuka bagi linagundishwa. Ukishamwaga supaglu, kubadilisha sponji ni kazi ya kubandua tairi zima. Ndiyo maana nasema achague sasa.

Mwamba_Taratibu
Kwa kroula sikiliza huku, hawa wa mbio watakupoteza.

Kroula haina haja ya kasi, inataka tairi liukumbatie mwamba. Tabaka mbili ndiyo mahali pake: pete ya ndani ni ngumu, ya vitundu vilivyoziba, ya nje ni laini. Kashata (vinundu vya tairi) zinazama kwenye jiwe kwa sababu ya tabaka la nje, na gari likiwa limelala ubavuni mwa mteremko ile pete ya ndani inazuia tairi la chini lisibonyee hadi kwenye rimu. Ukitumia sponji moja laini, unapata mshiko mzuri ukipanda moja kwa moja, ila ukiwa mshazari gari linaegemea upande wa bonde na kupinduka.

Ikiwa bado ni ngumu kwa uzito wa gari lako, kata vipande vya pembetatu kuzunguka tabaka la nje, vilingane nafasi. Kata vidogo kwanza, maana ulichotoa hakirudi. Na kama rimu zako ni za kubana kwa skrubu, huhitaji gundi hata tone, kwa hiyo unaweza kujaribu mbele laini na nyuma ngumu hadi uridhike.

Tope_Jepesi
Asanteni sana wakuu. Swali: bagi likikimbia kwa kasi tairi linavimba katikati kama sahani. Sponji ngumu itazuia?

Bisibisi
Haizuii. Sponji inasukuma kwenda nje, haivuti ndani. Kinachovimbisha ni mzunguko wenyewe, na dawa yake ni tairi lenye mkanda wa kitambaa ndani ya mpira, au kupunguza mguu.

Kona_Kali
Sahihi. Niongeze la vipimo: sponji ijae tairi bila kubanwa. Ikiwa kubwa inajikunja ndani na kutengeneza nundu. Ikiwa ndogo inaelea, tairi linazunguka bila yenyewe. Ukishaiingiza, pitisha kidole gumba kuzunguka tairi lote ukibonyeza. Ukihisi uvimbe au shimo, izungushe mpaka ikae. Kama ni ya kuunganishwa kwa gundi, hakikisha kiungo hakijaachia. Poda ya mtoto kidogo inasaidia iteleze, ila isifike kwenye mdomo wa tairi, ule ukingo unaogundishwa kwenye rimu.

Kisha futa rimu na mdomo wa tairi kwa spiriti, maana tairi jipya lina mafuta ya kiwandani na supaglu haishiki hapo. Angalia sponji isiingie kati ya mdomo wa tairi na rimu. Hapo ndipo tairi linapofumuka baadaye, na watu wanailaumu gundi.

Vumbi_Mashariki
Na usigundishe kabla ya kulizungusha. Weka gurudumu kwenye ekseli, lizungushe kwa mkono, litazame kwa mbele. Likiyumba, rekebisha sasa.

Tope_Jepesi
Nimeelewa. Bagi vitundu vilivyoziba na kingo nichonge, kroula tabaka mbili. Matundu ya rimu za bagi niyaache? Vumbi linaingia sana.

Mwamba_Taratibu
Usizibe bila kufungua kwingine. Hewa ikikosa pa kutokea, tairi linadunda kila ukitua kutoka kwenye tuta. Ziba ya rimu kwa utepe kwa ndani kabla ya kuvalisha tairi, kisha toboa tairi matundu mawili yanayotazamana, kwenye nafasi kati ya kashata na kashata, milimita 2 au 3 hivi. Maji yakiingia, mzunguko unayatupa nje.

Bisibisi
Usitumie drili. Mpira unanyumbuka tu, na tundu linajifunga ukishatoa ncha. Tumia kitoboleo cha ngozi, kile cha kutobolea mikanda: kinatoa kipande kizima na kuacha tundu safi. Na toboa kabla hujaweka sponji.